Vikapu Viwili Juu ya Kabati

Mdogo wangu alinipigia simu wiki tatu kabla ya Pasaka. Nilikuwa nimelala chali kwenye sofa na viatu vya kazini miguuni, jambo nililolipiga marufuku nyumbani kwangu miaka yote minne walipokuwamo watoto, na ambalo sasa nalifanya karibu kila siku kwa sababu hakuna wa kuniona. Alisema nije tule sikukuu pamoja huko Louisville, watoto wananiulizia. Halafu akasema mambo mawili, la kwanza kwa sauti yake ya kawaida, la pili kwa sauti ya mtu aliyejifungia chooni na simu.

La kwanza: "Yaya, usilete bombo. Meno za watoto zimeisha." Yaya kwetu ni dada mkubwa, na bombo ni peremende.

La pili ni kwamba yule binti mdogo alikuwa bado hajamwita mama.

Watoto ni wake. Niliseme hilo mapema ili nisionekane mwizi. Tulipokimbia vita kule Uvira tulipotezana njiani. Yeye alirudi nyuma kumtafuta mume wake, mimi nikaendelea na mabinti zake wawili, mkubwa nimemshika mkono na mdogo nimembeba mgongoni, hata ziwa hajaacha. Mume hakupatikana. Mdogo wangu mwenyewe tulimhesabu amekufa, mpaka siku jina lake lilipoonekana kwenye orodha ya kambi nyingine, katika nchi nyingine, na kufikia hapo watoto walikuwa wameshaandikwa kwenye faili langu la wakimbizi wa kuhamishiwa ng'ambo na faili limeshaanza safari. Tukaletwa Buffalo. Faili lake likaja polepole kwa njia yake, likatua Louisville miaka minne baada yetu, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na nafasi. Mwaka jana shule zilipofungwa niliwapeleka watoto kwa mama yao, nikarudi peke yangu, na nyumba ikawa safi kwa namna ya kuudhi.

Mimi ni mama yao mkubwa. Kwetu hiyo ni haki mtu anazaliwa nayo: dada mkubwa wa mama ni mama. Lakini "mkubwa" ni neno refu kwa mtoto anayejifunza kusema, na yule mdogo alilidondosha mapema, akabaki na nusu ya mbele. Nilikuwa na nafasi nyingi za kumsahihisha. Kila asubuhi, kwa mfano.

Mambo yalisimama hivyo basi. Mdogo wangu alitaka mtoto wake amwite mama. Mimi nilitaka hivyo pia, nasema kweli. Ila nilitaka vilevile mtoto asinisahau, na sikujua kama haja hizo mbili zinaweza kukaa katika kifua kimoja bila kupigana mateke. Nikaamua kuzipanga kwenye kikapu.

Habari ya vikapu nilikuwa nimejifunza kwa taabu. Kwetu Pasaka ilikuwa nguo mpya, ibada ndefu, wali na nyama. Pasaka yetu ya kwanza Buffalo, binti mkubwa alirudi shuleni akaniambia kwamba kuna sungura anayepita nyumba kwa nyumba na kuacha vikapu vya mayai na peremende. Nikamwambia kwetu sungura ni mboga. Alilia. Kwa hiyo mwaka ule nikajaza peremende kikapuni kama watu wote, na mwaka wa pili nikajaza zaidi ili kufidia maneno yangu, na mwaka huohuo daktari wa meno akamng'oa yule mdogo meno manne kwa mkupuo akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Nikatoka pale nimeapa. Mwaka wa tatu niliweka vitu vya kudumu: soksi jozi sita, sabuni, chupi, daftari na ndoo ndogo yenye kifuniko kizuri sana. Watoto walishukuru kwa adabu, kama watu wanavyomshukuru nesi baada ya sindano.

Safari hii nilitaka niwe mjanja. Nina elimu ya sekondari, nilikuwa wa tatu katika darasa la watu hamsini, haiwezekani kikapu kinishinde.

Ninafanya kazi kwenye chumba cha kufulia katika nyumba ya wazee. Huko kuna nesi mmoja Mkenya aliyekuja kusoma akabaki, mtu wa maneno, na yeye ndiye aliyeona orodha yangu mezani wakati wa chai. Aliisoma yote akiwa amesimama, mkono kiunoni.

"Haki wewe," akasema, "hii ni zawadi ya Pasaka ama ni shopping ya kwenda boarding?"

Nilimwambia nataka vitu vinavyodumu. Akasema hata jiwe linadumu, niwapelekee mawe. Mtoto anataka kitu cha kuchezea, akaendelea, kitu akikishika mikono isitulie. Nikamwambia nimesikia. Nilikuwa nimesikia kweli, ila kichwani kwangu neno "kudumu" lilikuwa limeshakaa kitini na kuvua viatu.

Siku yangu ya mapumziko, ambayo kwa haki ilikuwa ya kulala, nilipanda mabasi mawili kutoka upande wa Bailey ninakokaa mpaka Grant Street. Mimi si mtu wa kutembea. Nikitoka nyumbani kwa jambo lisilo kazi wala kanisa najiona kama nimeibwa. Lakini nilizunguka duka moja baada ya jingine, nikanunua vitenge viwili, nikashona magauni mwenyewe, makubwa kwa namba mbili ili wayavae mpaka miaka mitatu ijayo. Nilishona na foronya mbili za mito, kila moja ina jina la mtoto kwa uzi mwekundu. Nilitia kwenye fremu picha yetu watatu tukiwa kwenye theluji, mimi katikati kama nguzo. Na mwisho kabisa, katika duka kubwa karibu na kwangu, nikakutana na sungura.

Alikuwa sungura wa manyoya mwenye kifaa tumboni. Unabonyeza, unasema maneno yako kwa sekunde kumi, na kuanzia hapo kila anayembonyeza anasikia sauti yako. Nilisimama mbele ya rafu ile mpaka mwanamke mmoja akaniomba kwa upole nipishe mkokoteni wake. Nikachukua wawili. Nyumbani nilirekodi mara kumi na kitu, maana mara ya kwanza nilikohoa na mara ya pili nililia, na ya kulia haifai kwa sikukuu. Nilipomaliza nikavifunga vikapu kwa nailoni inayong'aa na utepe, nikaviweka mezani, nikakaa kuvitazama. Vilikuwa vizuri. Nilijipongeza kwa chai.

Ijumaa Kuu nikapanda basi la kwenda Columbus, kikapu kimoja pajani na kingine katikati ya miguu. Safari ya kwenda moja kwa moja Louisville ni ndefu mno kwa mgongo wangu, na Columbus nina rafiki wa tangu kambini, tuliyepanga naye foleni moja ya maji mpaka tukajuana tabia. Ana watoto watano na nyumba isiyo na kona moja iliyotulia. Alinipokea kwa kuniuliza kama Buffalo wamenifukuza, maana hakuwahi kuniona nimevuka hata mtaa.

Tulikula bukari, ndio ugali wetu, tukamaliza. Watoto walipokwenda uani, akavivuta vile vikapu, akafungua utepe bila kuniuliza, kama mtu anayekagua mzigo mpakani. Akatoa gauni, akalipima kwa macho, akaliweka pembeni. Akatoa foronya. Akatoa picha, akaitazama, akanitazama. Halafu akamtoa sungura na kidole chake kikaangukia pale tumboni.

"Ni mama," sauti yangu ikasema mezani, katikati ya sahani. "Umesali? Umepiga mswaki? Mama anakupenda."

Rafiki yangu hakucheka. Alibonyeza tena, sungura akasema tena.

"Mama nani?" akaniuliza.

Nilimwambia mama mkubwa, ni mimi, anajua vizuri ni mimi, ila mashine ile inakubali sekunde kumi tu.

"Sekunde kumi. Nafasi ya mswaki ulipata, nafasi ya mkubwa ulikosa."

Nikaanza kukusanya sahani, na mimi huwa sikusanyi sahani za watu.

"Keti," akasema. "Donc, basi, mama yao akitoka kazini amechoka, iko anapika, anasikia huyu munyama anaongea mu chumba ya watoto, 'ni mama'. Atafanya nini? Atakimbia wapi tena?"

Nikakaa. Akaendelea kupanga vile vitu mstari mmoja juu ya meza, picha, foronya, gauni, sungura. Aliniambia kwamba hapo hakuna hata kimoja cha kuchezea. Hivyo ni vitu vya kumkumbuka marehemu. "Na weye uko muzima," akasema, "minaona unakula bukari yangu."

Ningeweza kukasirika. Nilijaribu hata kukasirika, nikaona hasira yenyewe imechoka kuliko mimi. Miezi tisa nilikuwa nimewaambia watu kazini, kanisani na kwenye simu kwamba nimefurahi watoto wamempata mama yao. Nilikuwa nimesema hivyo mara nyingi mpaka ikawa kama salamu. Na wakati wote huo mikono yangu ilikuwa inashona foronya.

Asubuhi ya Jumamosi nilikaa kwenye ngazi za nyuma na chai, nikafanya kile nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: niliwatazama watoto. Rafiki yangu ana pipa la plastiki uani ambamo vitu vyote vya kuchezea hutupwa. Gari la umeme lilikuwa limekufa, limelala kwa ubavu. Kibao cha nyimbo kilikuwa kimemeza betri zake na kutapika kutu. Wanasesere walikuwa wazima lakini uchi, na hakuna aliyewashughulikia. Mikono mitano iliingia humo na kutoka na vitu vilevile: koleo la plastiki lililopasuka mpini, mpira uliobabuka na kamba. Kamba ilikuwa imefungwa mafundo sehemu mbili mahali ilipokatika. Nilimuuliza mmoja wao imekuwapo tangu lini. Akanijibu kwa Kiingereza, bila kuacha kuruka, kwamba imekuwapo siku zote.

Basi langu lilikuwa la mchana. Rafiki yangu akanipeleka dukani, akaniacha mlangoni na onyo nisiguse kitu chochote chenye betri. Sehemu ya Pasaka ilikuwa imeshapekuliwa, mayai ya plastiki yamesambaa sakafuni, na mimi katikati yake nikijiuliza kila ninachokishika: hiki mtoto atakifanya nini saa ya kwanza, na atakifanya nini mwezi wa saba? Maji ya sabuni ya kupuliza mapovu ni mazuri, lakini yanaisha kabla ya ibada kwisha. Vibandiko vitaishia mlangoni kwa watu na mdogo wangu atadaiwa na mwenye nyumba. Kitabu cha kupaka rangi kina kurasa za mwisho. Nikachukua kamba mbili ndefu, za nyuzi zilizosokotwa, si zile za plastiki zinazojikunja. Nikachukua chaki nene za kuchorea sakafu ya nje, ndiyo, zinaisha, lakini zinaisha polepole na mvua inafuta kosa. Nikachukua mpira mmoja mmoja. Nikachukua lenzi mbili za kukuzia wadudu, kwa kuwa binti mkubwa ni mtu wa kuinama kutazama chini. Nikachukua kopo dogo la kumwagilia na mbegu za alizeti na maharagwe. Mbegu nilizitia ndani ya mayai ya plastiki pamoja na shanga za kutungia bangili, ili mayai yalie yakitikiswa. Kila mtoto anataka yai linalolia.

Soksi nilizipita. Nilizitazama kidogo, lakini nilizipita.

Foronya na magauni nilimwachia rafiki yangu. Picha nikairudisha kwenye begi langu, chini kabisa, na nikasema ni ya ukutani kwangu. Wale sungura walichukuliwa na watoto wake wawili wadogo kabla sijaamua, na mpaka leo, nasikia, sauti yangu huwauliza watoto wa watu huko Columbus kama wamepiga mswaki.

Mdogo wangu anakaa Shively, pembeni mwa Louisville, nyumba ya ghorofa mbili yenye milango minane, yeye mlango wa chini. Kazi yake ni kufunga maboksi kwenye ghala. Jumamosi ile jioni alinifungulia mlango akiwa bado na fulana ya kazi, akanikumbatia kwa nguvu ya mtu anayenyanyua vitu vizito kila siku. Watoto walinirukia. Yule mdogo alisema "mama" shingoni kwangu, mbele ya mlango wazi, na mdogo wangu akageuka kuchukua begi langu, akalipeleka ndani haraka kama lina moto.

Niliona mengi jioni ile bila kutaka. Binti mkubwa, mwenye miaka kumi, alikuwa anamwita "mama" kwa uangalifu, kama mtu anayetumia kiti kipya. Yule wa miaka saba hakumwita kitu chochote. Akitaka maji alikwenda akasimama karibu naye mpaka aonekane. Akitaka kusaidiwa zipu alikwenda akasimama. Ndivyo alivyokuwa anamwita mama yake, kwa kusimama. Mdogo wangu alikuwa ameshazoea kugeuka kila mara kuangalia kama kuna mtu amesimama.

Asubuhi ya Pasaka nikatoa vikapu. Nilikuwa nimevifunga upya kwa nailoni ileile, imekunjamana kidogo. Watoto walisimama wakishika mikono yao wenyewe. Mdogo wangu alivipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama tulivyofundishwa, akanishukuru kwa maneno mengi mazuri. Halafu akavuta kiti, akapanda, akaviweka juu ya kabati la nguo.

"Zisiharibike," akasema.

Akashuka, akasema tuvae, kanisani hawatatungoja.

Mtu asiye wa kwetu angedhani amechukia. Wala. Kwetu zawadi haifunguliwi machoni pa aliyeileta, ni ulafi. Na kitu kizuri kinawekwa. Kinawekwa juu, au kwenye sanduku, au ndani ya kabati la vyombo, na plastiki yake haitolewi, ili mgeni akija aone kwamba kuna kitu kizuri na kwamba hakijaguswa. Sofa niliyokuwa nimekalia ilikuwa bado na nailoni ya dukani, imenishika mapaja. Mdogo wangu alifika nchi hii na mfuko mmoja wa karatasi za safari. Kila alichokipata tangu hapo amekiweka.

Na mimi ningemlaumu kwa mdomo gani? Mwanasesere wa kwanza aliyeletwa na watu wa kanisa kule Buffalo nilimweka juu ya friji ndani ya boksi lake mwaka mzima. Watoto walimpungia mkono asubuhi wakienda shule. Siku nilipomshusha, yule mkubwa alisema yeye sasa hachezi wanasesere.

Ibada ilikuwa ndefu, kwaya nne, na kila kwaya ilikuwa na wimbo mmoja zaidi. Tulirudi, tukala wali na nyama na sombe, yaani kisamvu. Nilikuwa nimechoka mpaka kope. Mdogo wangu alikuwa jikoni akisugua sufuria, kwa kuwa mgeni hasugui, na mimi nilikuwa sebuleni nimebandikwa kwenye nailoni ya sofa. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Binti mkubwa alikuwa kitandani na kitabu. Yule mdogo alikuwa amesimama mbele ya kabati, ameinua uso.

Alisimama hivyo muda mrefu. Vikapu havikumwona.

Halafu akaja kwangu. Akaweka mikono yake kwenye magoti yangu na kusema kwa Kiswahili, ambacho mtoto huyu hukitoa akiwa na shida kweli, "Mama, nishushie."

Sufuria jikoni ikaacha kusuguliwa.

Mimi ndiye mrefu katika ukoo wetu. Sihitaji kiti. Ilikuwa kazi ya kuinuka, hatua nne na kunyoosha mikono, na mtoto angenitazama kama alivyonitazama miaka minne, kama mtu anayeweza kufikia kila kitu. Niseme nilifikiri juu ya mdogo wangu? Kwanza nilifikiri juu yangu. Nilifikiri jinsi itakavyopendeza.

"Mwombe mama," nikamwambia.

Akanitazama. Akauliza kwa Kiingereza, yupi.

"Yule wa jikoni. Mimi ni mama mkubwa. Mama mkubwa hashushi vitu kwenye kabati la mtu bila ruhusa."

Uso wake ulifanya kitu ambacho sitakieleza. Miaka saba, na alikuwa anahesabu mama zake. Binti mkubwa alikuwa ameacha kugeuza kurasa. Yule mdogo akaondoa mikono yake magotini pangu, wa kushoto kwanza, kisha wa kulia, akaenda mpaka mlango wa jikoni, akasimama.

Mdogo wangu hakugeuka. Nilimwona kwa nyuma, mabega yake, maji yanachirizika viwikoni. Alijua mtu amesimama pale, siku zote alijua, na siku zote aligeuka. Mara hii hakugeuka. Sijui alipata wapi moyo wa kungoja. Mimi nilikuwa karibu kuinuka na kuvishusha vikapu vyote viwili na kabati lenyewe.

"Mama," mtoto akasema.

Kisha yaliyobaki akayamwaga kwa Kiingereza, kwa kasi, kikapu na kabati na sikukuu inaisha. Kiingereza cha mdogo wangu ni cha maboksi: juu, chini, kizito, angalia. Sidhani alishika hata robo. Alifuta mikono yake kwenye kitenge cha kanisani, kizuri, asichokifutia kitu, akapita mbele yangu bila kunitazama, akavuta kiti.

Akiwa juu ya kiti, kikapu mkononi, ndipo aliponitazama.

"Yaya, na zikiharibika?"

"Ziharibike," nikasema.

Bon, haya basi, akasema kwa sauti ya chini, kama anazungumza na kabati. Akashusha cha kwanza, akashusha cha pili, na mwenyewe akapasua nailoni, kwa meno, kwa kuwa utepe wangu nilikuwa nimeufunga kama mzigo wa kuvuka mto.

Sitasema kwamba kila kitu kilikwenda vizuri kuanzia hapo. Shanga zilimwagika ndani ya nusu saa na nyingine ziko chini ya friji ya watu mpaka leo. Mpira mmoja ulikwenda barabarani na haukurudi. Mbegu za maharagwe zilipandwa zote katika shimo moja. Binti mkubwa alitoka na lenzi yake, akainama kwenye ufa wa saruji, na tukampoteza kwa saa mbili. Lakini kamba ilifunguliwa pale kwenye maegesho, na yule mdogo alikuwa hajui kuruka, kamba inamkamata vifundo vya miguu. Mdogo wangu alimtazama mara tatu, akavua viatu, akaichukua. Nilikuwa nimesahau kabisa. Miaka yote ile ya kumhesabu amekufa nilikumbuka uso wake, sauti yake, jinsi anavyoudhi, lakini nilisahau kwamba hakuna msichana mtaani kwetu aliyemweza kwa kamba. Aliruka na kitenge chake cha Pasaka amekipandisha mpaka magotini, mgongo wake uliochoshwa na ghala umenyooka, kamba haionekani, inasikika tu. Jirani mmoja alitoka mlangoni kutazama, akabaki.

"Tena," mtoto akasema. "Mama, tena."

Sikugeuza kichwa. Nadai sifa kwa hilo, maana shingo ilikuwa imeshaanza.

Nilikaa kwenye ngazi nikapewa kazi ya kuhesabu miruko, kazi inayofanyika mtu akiwa ameketi, na hata hiyo nilisinzia kwenye arobaini na kitu. Waliporudi ndani kikapu kimoja kilikuwa kimepasuka mshikio. Mdogo wangu alikitazama, akakunja midomo, mkono wake ukaelekea juu ya kabati wenyewe kwa mazoea. Halafu akakiacha sakafuni.

Jumatatu basi langu lilikuwa la asubuhi. Mdogo wangu alikuwa ameomba kuchelewa kazini. Tuliagana pale kwenye maegesho, gari la jirani la kunipeleka stendi linaunguruma, naye akanishika mikono yote miwili na kuniambia kwamba watoto watakuja Buffalo shule zikifungwa, wote wawili, mwezi mzima, na nisibishe. Sikubisha. Binti mkubwa alinikumbatia na kuninong'oneza, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, kwamba alikuwa ameona nilichofanya. Huyo hakuna kinachompita, hata bila lenzi.

Yule mdogo alikuja mbio, akanibusu shavuni, akasema, "Bye, mama mkubwa," yote mawili, nusu ya mbele na ya nyuma. Akarudi kwenye kamba. Alikuwa amefikia miruko tisa na alitaka kumi kabla mama yake hajaenda kazini.

Nilimngoja alie. Niseme tu ukweli, nilikaa kwenye gari la jirani na mlango wazi, nikajifanya natafuta tiketi ambayo ilikuwa mkononi. Sikuhitaji kilio kikubwa. Dakika mbili zingenitosha, hata moja, kitu cha kupeleka Buffalo. Nilisikia kamba inapiga saruji, ikakwama, ikaanza tena. Jirani akauliza kama niko tayari. Nikavuta mlango.